Kishikwambi Kimoja, Wanafunzi Watano

Wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania wana neno lao, diskasheni, na hakuna kati yao anayehitaji kuelezwa maana yake. Vipindi vikiisha, wanne au watano wanajikusanya chini ya mwembe au ndani ya darasa lililobaki tupu, mmoja anashika chaki, mwingine anafungua mtihani wa mwaka uliopita, na swali lililowashinda asubuhi linafumuliwa upya. Wanabishana, wanakosoana, wanarudi nyuma, na lugha inayotumika ni ile wanayoimudu. Aliyedhani ameelewa hugundua kuwa bado, pale anapotakiwa kumweleza mwenzake. Kesho yake asubuhi wanafunzi haohao wanarudi kwenye safu za madawati zinazotazama ubao, na kwa dakika 40 za kila kipindi kuzungumza na jirani kunahesabiwa kuwa ni kelele. Ni katika darasa la namna hiyo ndipo kompyuta, vishikwambi na projekta vinapoingizwa, na swali linaloulizwa karibu kila mahali ni vifaa vingapi vimefika. Nadhani tunaanza na swali lisilostahili kutangulia. Kifaa kitaisaidia sekondari kikiwekwa katikati ya kundi lenye kazi inayomhitaji kila mmoja wao. Kikikosa kundi la namna hiyo, hata kila mwanafunzi akipewa chake, mavuno yatakuwa haba. Na kama hilo ni kweli, uchache wa vifaa tulio nao si sababu ya kuendelea kusubiri.

Sera zetu hazina upungufu wa maneno kuhusu jambo hili. Tanzania iligeuza mtaala wa sekondari kuwa wa kujenga umahiri mwaka 2005, ikatoa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007, na sera hiyo iliigusa sekondari pia. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na mwaka mmoja baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akazindua jijini Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Kenya imekwenda njia kama hiyo: kati ya umilisi saba wa msingi katika mtaala wake mpya, mmoja ni mawasiliano na ushirikiano, na mwingine ni umilisi wa kidijitali. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwenye karatasi, basi, ushirikiano na teknolojia vimekaa bega kwa bega. Shuleni vimetengana kabisa. Kompyuta ina chumba chake chenye kufuli na nondo, ina mwalimu wake na kipindi chake. Kazi ya kundi ni ile amri ya "kaeni katika vikundi mjadili swali la tatu," ambayo mara nyingi huishia kwa mmoja kuandika na wengine kungoja. Mwalimu wa Jiografia au Fizikia haoni kwa nini kimoja kati ya vitu hivyo kinamhusu, achilia mbali vyote viwili kwa pamoja.

Tuanze na mashine pekee, kwa sababu ndiyo inayogharimu fedha nyingi. Peru ilikuwa miongoni mwa nchi zilizonunua kwa wingi kompyuta mpakato ndogo za mradi wa One Laptop per Child. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilifuatilia shule za msingi 319 za vijijini. Idadi ya kompyuta ilipanda kutoka 0.12 hadi 1.18 kwa kila mwanafunzi, yaani kutoka moja kwa watoto wanane hadi zaidi ya moja kwa kila mtoto, na baada ya takriban miezi 15 matokeo ya hisabati na lugha hayakuonyesha tofauti. Mwaka 2015 shirika la OECD lilitazama upande wa nchi tajiri na kukuta kwamba zile zilizowekeza sana katika kompyuta za shuleni hazikuwa zimepiga hatua ya maana katika majaribio ya PISA ya kusoma, hisabati na sayansi. Wanafunzi waliotumia kompyuta shuleni kwa kiasi walifanya vizuri kidogo kuliko wasiozitumia kabisa, lakini waliozitumia mno walifanya vibaya zaidi. Kwetu Afrika Mashariki, Rwanda iligawa zaidi ya kompyuta 200,000 za mradi uleule wa Peru, na Kenya ikapeleka vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi kuanzia mwaka 2016. Kufikisha mizigo hiyo shuleni kulikuwa kazi kubwa na haifai kubezwa. Hata hivyo kupeleka kifaa na kubadili somo ni kazi mbili tofauti, na ya pili haifanywi na lori. Kentaro Toyama, aliyefanya utafiti wa teknolojia na maendeleo nchini India kwa miaka kadhaa, analieleza jambo hili kwa namna inayonishawishi: teknolojia hukuza kile kilichopo tayari. Ikiingia penye ufundishaji hai inauongezea nguvu, na ikiingia penye kunakili ubaoni inaongeza kasi ya kunakili.

Upo ushahidi wa upande wa pili, na haki ni kuutaja. Jijini Delhi, programu iitwayo Mindspark ilijaribiwa katika vituo vya baada ya shule kwa wanafunzi wa darasa la sita hadi la tisa. Programu hiyo hupima kila mtoto yuko wapi, kisha humpa maswali ya kiwango chake. Kwa muda wa miezi minne na nusu, waliopata nafasi hiyo waliwaacha mbali wenzao katika hisabati na Kihindi, na Karthik Muralidharan na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2019 walieleza kuwa siri ilikuwa ni kumkuta mtoto pale alipo. Hapa mwanafunzi alikuwa peke yake na skrini, na ilifanya kazi. Sioni sababu ya kulikana hilo. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ambaye sehemu za desimali zilimpita tangu darasa la tano anahitaji mazoezi ya kiwango chake, na mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 70 hawezi kumwandalia kila mmoja ya kwake. Mashine inaweza. Lakini kuziba pengo ni kazi moja, na kujenga hoja, kupima ushahidi, kuona kosa katika fikra ya mwenzako na katika yako mwenyewe ni kazi nyingine. Hii ya pili ndiyo iliyofanya sekondari iwepo, na mtu aliyekaa peke yake mbele ya skrini hapati wa kumpinga. Tena vituo vya Delhi vilimpa kila mtoto kompyuta yake kwa dakika 45 kamili, siku sita kwa wiki. Shule ya kata yenye kompyuta 10 na wanafunzi 600 haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka.

Kwa shule hiyo ya kata, jaribio lenye manufaa zaidi kulitazama kwa karibu ni jingine, nalo pia lilifanyika India. Watafiti wa maabara ya Microsoft mjini Bangalore, Toyama akiwa mmoja wao, waliona jambo ambalo mwalimu yeyote wa kompyuta amewahi kuliona: watoto watano wakizunguka kompyuta moja, kipanya kinashikwa na mmoja. Huyo ni yule mwenye nguvu, au mwenye umri mkubwa, au ambaye kwao kuna kompyuta. Wengine wanachungulia begani kwake, na baada ya dakika chache wawili wameshaanza kuzungumza mambo yao. Watafiti wakachomeka vipanya vitano kwenye kompyuta ileile, kila mtoto na chake, kila mmoja na mshale wake wenye rangi yake kwenye skrini. Kazi ilikuwa kujifunza msamiati wa Kiingereza. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2007 yalikuwa kwamba watoto waliokaa watano kwa kompyuta moja namna hii walijifunza karibu sawa na waliopewa kompyuta peke yao. Mashine nne zimeokolewa na hakuna aliyepoteza. Ila kuna jambo la pili lenye uzito kuliko hilo la kwanza. Mchezo ulikuwa na kanuni mbili. Katika ya kwanza, wa kwanza kubofya jibu sahihi aliwasogeza wote kwenye swali linalofuata. Katika ya pili, swali halikusogea mpaka wote watano wawe wamebofya sahihi. Chini ya kanuni ya kwanza makundi ya wavulana yalishindana kubofya, bofya tu, na yakajifunza kidogo. Chini ya kanuni ya pili ilibidi anayejua amgeukie asiyejua. Kompyuta ni ileile, na vipanya ni vilevile. Kilichobadilika ni sharti moja la kazi, na kwa sharti hilo watoto waliokuwa wapinzani wakawa walimu wa wenzao.

Sharti la kazi ndilo pia linaloamua kama kundi, hata lisilo na mashine yoyote, litakuwa kundi au kusanyiko tu. Lawama ya kwanza inayotolewa na walimu dhidi ya kazi za vikundi ni kwamba wavivu hujificha humo, na lawama hiyo ina msingi wa kisayansi wa zaidi ya miaka 100. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba na kuchapisha matokeo mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, kila mmoja alitoa nguvu pungufu ya ile aliyoitoa akiwa peke yake. Mwalimu anayewapa wanafunzi wanane swali moja na karatasi moja amewapa kamba ya Ringelmann, na asishangae wawili wakivuta na sita wakishikilia tu. Dawa yake ilipatikana mjini Austin, Texas, mwaka 1971, katika shida nzito kuliko uvivu. Shule zilizokuwa zimetenganisha watoto kwa rangi zilikuwa zimeunganishwa kwa nguvu ya sheria, na watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico walikaa chumba kimoja wakichukiana. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliligawa somo vipande. Kila mtoto katika kundi alipewa kipande ambacho wenzake hawana, akakijifunza pamoja na wale wa makundi mengine waliopewa kipande hichohicho, kisha akarudi kuwafundisha wenzake. Mwishoni kila mmoja alipimwa peke yake juu ya somo zima. Hapakuwa na faida ya kumdharau mwenzako, kwa sababu alikuwa na kitu ambacho huwezi kukipata kwingine. Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyetumia miaka mingi kupitia tafiti za kazi za vikundi, alifika mahali palepale: kundi hufundisha pale linapokuwa na lengo la pamoja na papo hapo kila mmoja anawajibika kwa alichojifunza. Moja kati ya hayo mawili likikosekana, kazi ya kundi inabaki jina.

Sasa weka kifaa na kundi pamoja, katika kipindi kimoja cha Fizikia cha Kidato cha Tatu. Somo ni uhusiano wa volteji na mkondo wa umeme. Kundi lina wanafunzi watano na kishikwambi kimoja. Wawili wanachukua kishikwambi chenye kielelezo cha sakiti kutoka PhET, mkusanyiko wa vielelezo vya sayansi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya Fizikia. Ni vya bure, vingine vimetafsiriwa kwa Kiswahili, na vikishapakuliwa havihitaji intaneti. Watatu waliobaki wanapewa glopu ya tochi ya zamani, ile yenye uzi ndani, ya volti 6, pamoja na betri nne, nyaya, ameta na voltimeta. Wote wanafanya jambo moja: wanaongeza volteji hatua kwa hatua, wanasoma mkondo, wanachora grafu. Wa kishikwambi wanapata mstari ulionyooka kama rula, kwa sababu glopu ya kielelezo, katika mpangilio wake wa kawaida, ina ukinzani usiobadilika. Wa glopu halisi wanapata mstari unaopinda. Betri ya nne ikiongezwa mkondo unapanda, ila si kwa kiasi kilekile kama mwanzo, na isitoshe voltimeta haifiki 6 kama hesabu ya betri nne ilivyoahidi. Kila upande kwanza unadhani mwingine umekosea. Inabidi mmoja aiguse glopu ndipo jibu lianze kuonekana: imekuwa ya moto. Uzi unapopata joto ukinzani wake unaongezeka, na betri nazo zina ukinzani wa ndani unaokula sehemu ya volteji ya betri zenyewe. Kielelezo kimewaonyesha kanuni ikiwa safi, na glopu imewaonyesha dunia ilivyo. Aliyeona kimoja tu hajalielewa somo. Dakika kumi za mwisho mwalimu anaokota jina bila kuchagua, na akiwa ni mmoja wa wale wa kishikwambi anatakiwa aeleze mkunjo wa grafu ya wenzake. Kishikwambi kimoja kwa watano hapa si upungufu unaovumiliwa. Vingekuwa vitano, kila mmoja angepata mstari wake ulionyooka na kwenda nyumbani ameridhika.

Kuna faida nyingine ya mpangilio huu ambayo vitabu vya ualimu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani haviwezi kututajia, kwa sababu haiwahusu. Mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akifika Kidato cha Kwanza anakuta masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiwashirikisha wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Norway, uliweka wazi kile ambacho darasa lenyewe linasema kwa ukimya wake: wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili waliuliza, walijibu na walielewa kwa namna ambayo wenzao wa Kiingereza hawakuweza. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa kuliko makala haya, nami naamini uamuzi wa sasa unawagharimu watoto wetu. Lakini hata kabla haujabadilika, tuone kinachotokea teknolojia ikimfikia mwanafunzi akiwa peke yake. Karibu kila kitu kilichomo ndani ya kifaa ni Kiingereza, video na maelezo pia, na asiyekimudu anabaki kubofya picha. Mweke katika kundi, na maandishi hayo yanapita kwenye midomo ya watano: huyu anasoma, yule anasema "hapa wana maana kwamba," wa tatu anapinga kwa Kiswahili, na mwishoni wote wanatafuta jinsi ya kuiandika hoja hiyo kwa Kiingereza cha mtihani. Diskasheni imekuwa ikifanya kazi hiyo ya ukalimani miaka yote, bila malipo na bila kutambuliwa. Mwalimu anayeiruhusu ndani ya kipindi hajavunja utaratibu wa shule. Ameifungulia akili ya mwanafunzi lugha inayoijua.

Pingamizi linalosikika zaidi katika vyumba vya walimu ni muda. Silabasi ni ndefu, mtihani una tarehe, na mwalimu anayefundisha kwa kueleza hupita mada tatu wakati wa vikundi anamaliza moja. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu anayelitoa ndiye atakayeulizwa matokeo yakitoka. Ila lina dhana ndani yake, kwamba kilichosemwa kimefundishwa. Eric Mazur alikuwa na dhana hiyohiyo akifundisha Fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, kwa wanafunzi wasiokosa chochote, mpaka alipowapa maswali mepesi ya kupima uelewa na kukuta wengi wao wanakokotoa kwa usahihi mambo wasiyoyaelewa. Kuanzia mwaka 1991 akabadili. Anaeleza kidogo, anauliza swali lenye majibu ya kuchagua, kila mmoja anajibu kimya, kisha wanageukiana kwa dakika mbili tatu kushawishiana, halafu wanajibu tena. Uelewa ulipanda, na haikumlazimu kuvunja kipindi chote. Nathaniel Lasry, nchini Kanada, aliuliza swali la nyongeza ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye ofisi ya kila anayenunua vifaa vya shule: je, ni vile vitufe vya kielektroniki vya kujibia vilivyoleta tofauti, au ni mazungumzo? Alilinganisha darasa lenye vitufe na lililotumia kadi za kuinua mkononi, na mwaka 2008 akaeleza kuwa kiwango cha kujifunza hakikutofautiana. Vitufe vinamrahisishia mwalimu kuhesabu majibu, na hilo si dogo katika darasa la watu 80. Lakini mwenye kadi nne za boksi kwa kila mwanafunzi anaweza kuanza Jumatatu.

Pingamizi zito zaidi ni mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, halitahini kundi, na mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, haruhusiwi kumgeukia jirani. Kwa nini basi shule imzoeshe mwanafunzi kufikiri na wenzake, ikiwa atahukumiwa peke yake? Sehemu ya jibu imeshatolewa na Slavin: kundi lililopangwa vizuri huishia kwa kumpima mtu mmojammoja, na ndiyo sababu wanafunzi wenyewe hukimbilia diskasheni mtihani unapokaribia. Hawafanyi hivyo kwa kupenda ushirikiano kama wazo. Wanajua kuwa inawafaulisha. Lakini jibu hilo halitoshi. Kisichopimwa hudharauliwa shuleni, na ushirikiano ukibaki ndani ya sera bila alama utabaki pambo. Kuupima kuna ugumu wa kweli. OECD ilipojaribu kupima utatuzi wa matatizo kwa pamoja katika PISA ya 2015, ilimkutanisha kila mwanafunzi na wenzi wa bandia waliotengenezwa ndani ya kompyuta, kwa kuwa wenzi wa kweli hawalingani na alama zingekosa haki. Hata hivyo kuna kilichojifunzwa: Singapore iliongoza, na wasichana waliwashinda wavulana katika kila mfumo wa elimu uliopimwa, jambo linalopaswa kutufikirisha kuhusu nani tunamwachia kipanya. Kenya tayari imefungua mlango kidogo, kwani alama ya mwisho ya Gredi ya 9 hutokana na mtihani wa KJSEA kwa asilimia 60, mtihani wa Gredi ya 6 kwa asilimia 20, na tathmini za shuleni kwa asilimia 20. Ndani ya hizo 20 za shuleni ndimo kazi ya kundi inaweza kuingia, kwa sharti kwamba kila mwanakundi ahojiwe peke yake kwa mdomo juu ya kazi nzima. Mfano wa jinsi ya kuhoji upo. Katika mashindano ya Young Scientists Tanzania na maonyesho ya sayansi na uhandisi ya Kenya, vijana wa sekondari husimama wawiliwawili mbele ya mradi wao, na jaji huuliza mpaka ajue nani anaelewa na nani ameongozana tu na mwenzake. Hao ni wachache waliochaguliwa. Lakini hakuna katika mbinu hiyo kinachohitaji ukumbi wa maonyesho.

Wapo wazazi wanaohofia simu na mitandao, na hofu yao ina haki. Takwimu za OECD kuhusu matumizi yaliyopitiliza ziko upande wao. Naunga mkono shule zinazomkataza mwanafunzi kuwa na simu yake mfukoni. Kifaa cha kundi ni kitu tofauti: kiko juu ya meza, macho kumi yanakitazama, na kina kazi moja ya dakika 25. Hofu mpya zaidi ni ya akili mnemba, ambayo tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 imeifanya insha ya kuandikia nyumbani isithibitishe tena nani amefikiri. Hapa pia naona kundi likiwa kinga bora kuliko katazo. Wanafunzi wakipewa jibu la mashine kuhusu sababu za Vita vya Maji Maji na kuambiwa watafute, kwa kitabu na kwa hoja, lilipopotoka au liliporahisisha mno, mashine imekuwa kitu cha kuhojiwa badala ya kuwa mwandishi wa siri. Na atakayesimama kueleza hana pa kunakili.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulijibu kwa wepesi, nalo ni tofauti kati ya shule na shule. Shule zilipofungwa Tanzania Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na Kenya wiki hiyohiyo, wenye vifaa na intaneti majumbani waliendelea kusoma na wengine walikatika kwa miezi. Kupanga masomo kwa kundi hakuondoi pengo hilo kati ya shule yenye umeme na isiyo nao. Kunachofanya ni kushusha kiasi cha chini kinachohitajika: kutoka vifaa 45 kwa darasa hadi vinane au tisa, kutoka intaneti ya kila saa hadi seva ndogo yenye programu kama Kolibri, iliyotengenezwa mahsusi kwa mahali pasipo na mtandao. Bajeti ya namna hiyo kamati ya shule inaweza kuijadili bila kungoja mfadhili.

Anayebaki kuamua yote haya ni mwalimu, na yeye ndiye aliyepewa msaada mdogo kuliko wote. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu wa Tanzania baada ya kazi ya kuhesabu watu kwisha. Ulikuwa uamuzi mwema. Kifaa kilichopita nyumba kwa nyumba kikiandika majina ya wakuu wa kaya sasa kiko mkononi mwa mwalimu wa Baiolojia, na mara nyingi kinatumika kusoma nyaraka na kujaza takwimu za ofisi. Mafunzo anayopewa huhusu jinsi ya kukiwasha, kupakua na kutuma. Anachokosa ni saa za kukaa na walimu wenzake wa somo, kifaa kikiwa katikati yao, wakipanga kipindi kimoja cha vipande na kukijaribu, yaani diskasheni ya walimu. Pahali pa kuanzia pameshachapishwa. Andalio la somo, ambalo kila mwalimu hulijaza kabla ya kuingia darasani, lina safu ya vitendo vya mwalimu na safu ya vitendo vya mwanafunzi, na katika hiyo ya pili huandikwa mara elfu "kujadili katika vikundi" bila neno zaidi. Mkaguzi aliyezoea kuuliza kama andalio limejazwa aulize kuhusu mstari huo mmoja: katika kundi hili, kila mwanafunzi ana kitu gani ambacho wenzake hawana, kifaa kiko mkononi mwa nani na kwa dakika ngapi, na nani atasimama kueleza?